Herufi Iliyomfunga Baba

Mama alipofariki, kazi ya kupeleka mpangilio wa mazishi kwenda kuchapishwa niliachiwa mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeaminika kusoma kitu mara mbili. Nikaenda kwenye kiduka kimoja cha kompyuta katikati ya mji wa Kisumu. Kijana niliyemkuta alichapa haraka huku akitafuna njugu, kisha akanigeuzia kioo nisome. Jina la mama lilikuwa sawa. Nyimbo zilikuwa sawa. Chini kabisa, mahali pa kutaja saa ya kumzika, alikuwa ameandika "internment".

"Ondoa hiyo n ya katikati," nikamwambia.

"Madam, watu wote huwa nawaandikia hivyo. Hakuna mwenye amewahi kulalamika."

"Ondoa tu, kijana wangu."

"Lakini si ni kitu moja?"

Nilimwambia hapana, nikavuta kiti nimweleze. "Interment" ni kuzika. "Internment" ni kumweka mtu kizuizini, kumfungia mahali bila kesi mpaka aliyemfungia aamue kumwachilia. Kwa macho ni maneno mapacha, na hata kwa sikio ukiwa na haraka. Lakini anayezikwa harudi, na aliyewekwa kizuizini anangojewa. Tofauti hiyo sikufundishwa darasani. Niliishi ndani yake muda mrefu nikiwa mtoto, na aliyenitoa humo alikuwa muuza viazi.

Tulikuwa tukikaa Kaloleni, hapo hapo Kisumu, katika zile nyumba za baraza la mji zilizopangwa safu, bomba la maji likiwa nje na kila mtu akijua jirani amepika nini. Baba alikuwa fundi wa injini kwenye meli za abiria zilizokuwa zikivuka ghuba kwenda Kendu Bay na Homa Bay. Kwa hiyo kutokuwepo kwake hakukuwa jambo la ajabu kwetu. Angeondoka na mkoba wake wa turubai, siku zingepita, halafu jioni moja tungeisikia harufu yake kabla hatujamwona: dizeli, sabuni ya kipande, na samaki wa kukaanga aliyefungwa kwa gazeti. Mama alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani pale mlangoni. Harufu hiyo ikifika, mguu wake uliacha kukanyaga hata kabla hajainua macho.

Baba ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa maneno. Alikuwa na kamusi ndogo ya Kiingereza iliyolowa mafuta ya injini pembeni, na kila aliporudi tulitafuta humo neno moja pamoja, mimi nikiwa nimekaa kwenye goti lake na kidole changu kikishuka ukurasa. "Ukikutana na neno usilolijua," alikuwa akiniambia, "usilipite kama mtu asiye na adabu. Simama ulisalimie." Watoto wenzangu walicheza kati kwa mpira na kuruka kamba. Mimi nilijua maneno ambayo hata mwalimu hakuwa na mahali pa kuyatumia.

Kisha nikaugua surua. Kuna siku za ugonjwa ule ambazo sinazo kabisa. Nakumbuka chumba kilichozibwa dirisha kwa blanketi, macho yakiniuma kama yaliyotiwa mchanga, na mkono wa mama ukinipangusa kwa maji ya mwarobaini. Halafu mkono ukabadilika. Ulikuwa mkono mwingine, mgumu zaidi, unaonuka viazi vibichi. Nilipoweza kufumbua macho nikaona ni mke wa Mzee Kariuki, jirani yetu wa ukuta mmoja.

"Mama ameenda wapi?"

"Ameenda Yimbo, kwa kina baba yako. Atarudi. Kunywa uji kwanza."

Mzee Kariuki na mkewe walikuwa wametoka Nyeri zamani, wakauza viazi na maharagwe sokoni mpaka watu wakasahau kwamba ni wageni. Mzee alikuwa mwembamba, mpole, na alizungumza Kijaluo kilichonyooka kuliko chetu sisi watoto wa mji. Hakuna mtoto aliyewahi kujiuliza alikijifunzia wapi. Siku zile nilizolala nyumbani kwao, kila jioni alisimama mlangoni mwa chumba nilicholala, kofia mkononi, akaniangalia, akaondoka bila neno. Nilidhani ndivyo watu wa kwao wanavyowaheshimu wagonjwa.

Mama aliporudi nilikuwa nimeanza kutembea. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kiking'aa. Alikuwa amevaa koti la kazi la baba, lile la buluu lenye vifungo vya shaba, mikono yake ikimzidi mpaka vidole havionekani. Nilimuuliza baba yuko wapi.

"Baba yako amelala Yimbo, nyathina, mwanangu," akasema. Akaanza tena. "Bwana alimwita."

Sasa, Bwana niliyemjua mimi kuwa na mazoea ya kumwita baba alikuwa mkubwa wa pale bandarini, mtu mmoja mwenye kofia nyeupe ambaye angetuma mjumbe nyumbani wakati wowote injini ikigoma. Na kulala Yimbo si jambo la kushangaza kwa mtu mwenye nyumba Yimbo. Nadhani mama aliona usoni mwangu kwamba maneno hayajafika, na hakuwa na nguvu ya kutafuta mengine. Alitoa kwenye kikapu karatasi iliyokunjwa, bado inanuka ule wino mkali wa mashine ya stensili.

"Soma mwenyewe. Wewe unajua Kizungu kunishinda. Baba yako mdogo Ochieng' ndiye aliandika." Akaenda jikoni, na nikasikia akipanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Leo najua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuniambia. Alimwachia Ochieng' na Kiingereza chake wabebe alichoshindwa kukibeba. Na baba mdogo Ochieng', aliyekuwa karani wa kanisa, alipenda Kiingereza cha kuvaa suti. Juu aliandika kwamba ni ibada ya shukrani. Chini yake lilikuja jina la baba, nalo limetanguliwa na "the late", ambalo kwa watu wazima ni marehemu. Nililijua neno hilo vizuri, maana ndilo lililoandikwa ubaoni pamoja na majina ya wanafunzi waliofika shule kengele ikiwa imeshalia. Baba, basi, alikuwa amechelewa. Palikuwa na mstari mwingine uliosema kwamba amepandishwa kwenye utukufu, nami nikafurahi kwa ajili yake, kwa kuwa alikuwa amengojea sana kupandishwa cheo. Halafu nikafika chini, kwenye neno ambalo sikuwa nimewahi kukutana nalo: "Internment". Na mbele yake, Yimbo.

Nilisimama nikalisalimia. Nilichukua kamusi ya baba, nikashusha kidole ukurasa mpaka nikalipata, herufi kwa herufi, sawasawa na lilivyochapwa. Kamusi haikunidanganya. Ilisema ni kufungiwa mtu mahali, hasa wakati wa vita au kwa ajili ya siasa.

Watu wa rika langu mnakumbuka zilivyokuwa nyakati zile. Katika nyumba ya mwisho ya safu yetu alikaa bwana mmoja mkarimu, mwenye redio kubwa na marafiki wengi wa kubishana siasa. Asubuhi moja hakuwepo. Land Rover ya polisi ilikuwa imeonekana. Baada ya hapo watu wazima walizungumza juu yake kwa sauti ya chini, na mtoto akiingia wanageukia habari ya mvua. Mke wake alitembea akiangalia chini, akina mama wakimletea unga na sukari bila kukaa. Kisha siku moja alirudi, amekonda, akaketi barazani kwake kama zamani, ila redio haikufunguliwa tena.

Na sasa nyumbani kwetu ilikuwa hivyohivyo. Wanawake waliingia na unga, na sukari, na samaki, wakamshika mama mkono bila kusema kitu. Nikitokea, wanazungumzia mvua. Mama alitembea akiangalia chini. Kila kitu nilichokiona kilikubaliana na kamusi.

Nilihitaji kujua jambo moja tu zaidi. Nilimkuta Mzee Kariuki nje ya nyumba yake akichambua maharagwe kwenye gunia lililotandazwa.

"Mzee, mtu akiwekwa kizuizini anapelekwa wapi?"

Mkono wake ukasimama. "Hilo neno umelitoa wapi?"

"Nimelisoma."

"Aa. Ya shule." Alionekana kupumua. Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akasema kama mtu anayezungumza na maharagwe, "Mimi nilipelekwa huko kwenu. Mageta. Kile kisiwa kiko mbele ya Yimbo. Wakati wa mkoloni, ile hali ya hatari."

"Kwetu Yimbo?"

"Huko huko. Walitunyoa vichwa. Walituzungushia seng'enge. Tulikuwa tunavunja mawe, tunalima. Jioni unaona ng'ambo watu wanawasha moto wa kupika, unasikia hata mbwa wao, na huwezi kufika. Hawa wavuvi wa kwenu ndio walinifundisha Kijaluo, neno moja moja, askari akigeuka."

"Na mlirudi?"

"Si unaniona hapa?" Alicheka kidogo, na meno yake ya mbele hayakuwepo. "Inachukua muda. Mtu anavumilia, na watu wa nyumbani wanavumilia. Lakini siku inafika, wanafungua."

Niliondoka pale mwepesi kama niliyevuliwa mzigo. Walinyoa vichwa! Kwa hiyo mama alikuwa amefika mpaka huko, na yeye wakamnyoa. Yimbo, kulala Yimbo, kisiwa mbele ya Yimbo. Hapakuwa na kipande kilichobaki nje.

Mtu anaweza kuniuliza, inawezekanaje mtoto wa Kijaluo asijue matanga? Nilikuwa nimeyaona mengi. Lakini matanga niliyoyajua yalikuwa na ng'ombe wanaokimbizwa, wanawake wanaopiga mayowe tangu barabarani, jeneza chini ya turubai, vumbi, wali. Baba hakuwa na hata moja katika hayo, kwa kuwa yote yalikuwa yamepita nikiwa nyuma ya blanketi dirishani. Na nikisema ukweli wote, huenda nilijua. Huenda kulikuwa na sehemu yangu iliyokuwa ikijua tangu nilipoona koti lile, na sehemu nyingine ikaikimbilia kamusi kama mtu anayekimbilia mlango kabla haujafungwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba sikulia.

Sikulia hata kidogo, na watu waliliona hilo. Ndugu waliokuja kunipa pole walinikuta natabasamu. Mama alisema siku moja, akidhani sisikii, "Huyu mtoto ana moyo ambao mimi sina. Namwangalia yeye ndiyo napata nguvu ya kuamka." Mimi nikajikaza zaidi, maana Mzee Kariuki alikuwa amesema watu wa nyumbani nao wanavumilia. Nilijifunza maneno mapya kila siku ili baba akirudi asiwe na jipya la kunifundisha. Mara moja nilimuuliza mama kama koti halitahitajika huko, kwa kuwa upepo wa ziwa ni baridi. Alinitazama, akajifunga vifungo vyote, akarudi kwenye cherehani.

Siku ya kufunga shule tulikusanyika darasani kwa maombi. Mwalimu wetu, Mwalimu Anyango, alikuwa mama mwenye sauti ya kwaya. Aliomba kwa ajili ya safari, kwa ajili ya mvua, kisha akasema, "Na tumkumbuke mwenzetu Awuor, ambaye muhula huu amefiwa na baba."

Nilifumbua macho. Nikasimama. "Mwalimu, baba yangu hajafa. Serikali imemfunga Mageta."

Najua watoto wengine walicheka, kwa sababu watoto hucheka. Ninachokumbuka ni Mwalimu Anyango akivuka darasa, si kuja kwangu bali kwenda mlangoni, kuufunga. Akachungulia nje ya dirisha. Ndipo akaja akainama mbele yangu, akaniwekea mikono mabegani.

Alinipeleka nyumbani mwenyewe. Mama alikuwa mlangoni na nguo ya mtu kwenye cherehani.

"Mama Awuor," mwalimu akasema, akishusha sauti, "huyu mtoto anasema mbele ya darasa kwamba serikali imemfunga baba yake. Maneno kama haya, siku hizi, yanaweza kuleta watu hapa kwako."

"Imemfunga nani?"

"Baba yake."

Mama alinigeukia. Nilimwambia nimesoma, kama alivyoniambia nisome. Nilileta karatasi na kamusi, nikawaonyesha vyote viwili, neno na maana yake, nikiwa na hakika ya mtu aliye na ushahidi. Mwalimu Anyango alisoma karatasi kuanzia juu. Kidole chake kilipofika chini, kilisimama.

"Ee Mungu," akasema. "Hapa kuna herufi imezidi." Akamweleza mama kwa Kijaluo, polepole, kwamba kuna maneno mawili, na Ochieng' aliandika la pili badala ya la kwanza.

"Herufi ngapi?" mama akauliza.

"Moja."

Mama aliikunja karatasi. Alinivuta, akanisimamisha katikati ya magoti yake, na akasema kwa lugha yetu, kwa maneno ambayo hata mtoto anayenyonya angeyaelewa: "Awuor, baba yako amekufa. Tumbo lilimshika wakiwa Homa Bay, na hawakumwahisha hospitali. Tumemzika."

Nilisikia kila neno. Nikamjibu, "Si kweli. Wewe ulifika mpaka Mageta, wakakunyoa."

Hakunipiga, hakunikemea. Ila ukuta wetu na wa Mzee Kariuki ulikuwa mmoja, na ukuta ule haukuwahi kuzuia neno. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Awuor, kosa ni langu," akasema. "Huyu aliniuliza, nikafikiri ni mambo ya shule. Nikamwambia mtu anarudi." Akaigeuzageuza kofia. "Mnaenda lini Yimbo?"

"Jumamosi."

"Tutaenda na mimi. Nitampeleka Mageta. Aone kwa macho yake."

"Mzee, wewe umewahi kurudi huko?"

"Hapana," akasema. "Sijawahi."

Tulifika Yimbo siku ya Jumamosi, vumbi la basi bado puani. Dani, mama yake baba, alinikumbatia akanishika uso kwa mikono yake miwili kama mtu anayepima boga. Walinipeleka upande wa kushoto wa boma. Palikuwa na tuta la udongo mwekundu ambalo mvua ilikuwa imeanza kulishusha, na msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Jina la baba lilikuwa pale. Nililisoma, kisha nikainua macho. Ng'ambo ya mashamba, ziwa lilikuwa linang'aa, na katikati yake kisiwa, karibu kuliko nilivyodhani, na moshi ukipanda kutoka kwenye miti. Mtu alikuwa anapika huko. Sikuliangalia tuta tena.

Asubuhi yake Mzee Kariuki alizungumza na wenye mashua pale ufukweni Usenge, na mmoja akakubali kutuvusha. Mama alibaki amesimama mchangani na lile koti. Njia nzima mzee alishika ubao wa mashua kwa mikono yote miwili, macho yake yakiwa kwenye kisiwa.

Mageta palikuwa na mbuzi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona, mbuzi waliokula bila wasiwasi. Palikuwa na mihogo, nyumba za mabati, watoto waliotukimbilia kuangalia wageni. Hapakuwa na seng'enge. Mzee Kariuki alitembea taratibu akipanda mlima, akasimama, akarudi nyuma, akasimama tena. Alifika mahali ambapo msingi wa saruji ulikuwa umebaki ardhini, umepasuka, majani yakiota katika nyufa. Wanawake walikuwa wameanika omena juu yake.

"Hapa," akasema. "Mimi nililala hapa. Hapo alilala mtu wa Murang'a, alikuwa anaimba." Aligusa saruji kwa ncha ya kiatu. "Angalia vizuri, Awuor. Angalia kila mahali unataka."

Niliangalia. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikachungulia katika banda la nyavu. Kisha nikashuka mpaka kwenye maji na nikaita jina la baba kwa sauti yote niliyokuwa nayo, majina yake yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye karatasi.

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliacha kazi. Mmoja wao, mtu mpana mwenye shati lisilo na mikono, alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Unamtafuta nani, nyathina?"

"Baba yangu. Fundi wa meli."

Alimtazama Mzee Kariuki aliyekuwa akishuka nyuma yangu, kisha akanitazama mimi. "Wewe ndiye yule binti aliyekuwa mgonjwa Kisumu?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Baba yako tulisoma naye darasa moja, ng'ambo pale. Tuliposikia tulivuka wote, kisiwa kizima, mashua zilijaa. Mimi nilikuwa kati ya waliombeba." Alinyoosha mkono wake wa kulia na kunionyesha bega, ngozi yake nyeusi iliyokomazwa na kamba. "Hapa. Alikuwa mzito. Mvua ilikuwa imenyesha, na mimi niliteleza kidogo pale penye mteremko, lakini hatukumwangusha."

Maneno yale hayakuwa kwenye kamusi. Hakuna aliyekuwa ameniambia baba alikuwa mzito, au kwamba kulikuwa na mteremko, au kwamba mtu aliteleza. Nililigusa lile bega. Nililishika mpaka yule mvuvi akauweka mkono wake juu ya wangu.

Mzee Kariuki alikuwa amekaa juu ya jiwe. "Sisi hapa tulingojewa," akaniambia. "Mama yangu aliningoja mpaka akafa, kabla sijafunguliwa. Kungoja si kazi ndogo. Wewe usingoje, mtoto wangu. Umesikia? Usingoje."

Tulivuka kurudi. Mama alikuwa palepale tulipomwacha. Alinishika mkono, tukapanda njia ya bomani, na Dani alikuwa mlangoni kwake akipepeta mtama.

"Amelia?" Dani akauliza juu ya kichwa changu.

"Bado," mama akasema.

"Basi hajafika matanga."

Dani aliweka ungo chini. Alifungua leso iliyokuwa kichwani, akaifunga upya kiunoni, akatoka mpaka katikati ya ua. Nilikuwa namwona kama kikongwe wa kushikwa mkono. Aliinua uso, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndefu, nyembamba, ya kupasua anga, lile yowe ambalo kila mtu kando ya ziwa letu analijua hata akiwa usingizini. Aliliita jina la mwanawe. Mke wa baba mdogo akaitikia kutoka jikoni. Kisha nikasikia lingine, kutoka boma la pili, na lingine kutoka kisimani. Wanawake walianza kufika mbio, wengine na unga mikononi, wakidhani kifo kipya kimeingia. Dani aliwaambia neno moja tu: "Ni Awuor. Amefika."

Hawakuuliza zaidi. Msiba ule ulikuwa umeshaisha kwao, mahindi ya matanga yalishaliwa, nywele zilizonyolewa kwa msiba zilikuwa zimeanza kuota. Wakaanza upya. Walilia kama siku ile ya kwanza, wakizunguka kaburi, wakimwuliza baba kwa nini amemwacha binti wa maneno, na kati yao mama, aliyekuwa hajalia mbele yangu hata mara moja, alikaa chini kwenye udongo mwekundu akaniita nikae naye. Nilikaa. Kitu kilichokuwa kimesimama kifuani tangu surua kikaanguka, nikalia mpaka sauti ikakauka, uso wangu ndani ya koti la baba.

Mzee Kariuki alivua kofia, akasimama na wanaume.

Watu waliendelea kuja mpaka alasiri, wengine kutoka mbali, wakipumua kwa mbio, wakiuliza njiani nani amekufa. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na njia. Nikawa nawajibu.